Kabla Reli Haijagongwa

Bosi aliufunga mkoba wa mgongoni juu ya meza ya kulia chakula, akaufungua, akatoa jozi moja ya viatu, akaufunga tena. Mkoba ulikuwa wa binti yake, aliyezunguka nao nchi za watu akilala kwenye mabweni ya wasafiri na kufua soksi kwenye masinki ya stesheni. Ulikuwa na kamba nyingi kiasi kwamba mtu mzima angeweza kujifunga nazo akashindwa kujifungua.

"Hii ya kifuani unaibana hivi, Mama," binti alimwelekeza. "Na chupa ya maji inakaa hapa ubavuni."

"Nimefundisha watu kuendesha malori. Kamba ya begi ndiyo itanishinda?"

Ilimshinda. Binti akamfunga.

Kwenye kiti cha dirishani alikaa mama yake Bosi, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi tangu mjukuu alipozaliwa. Alikuwa ameishika simu ya mjukuu wake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kikombe kilichojaa, na hakuwa ameiachia tangu jana yake. Kwenye simu kulikuwa na picha ya binti akicheka mbele ya Mnara, ule Mnara mweupe ambao kila mtu anaujua, uliokuwa kwenye majalada ya madaftari ya shule, kwenye viberiti na kwenye kalenda za benki. Nyuma ya binti, kivuli cha Mnara kilikuwa kimelala juu ya sakafu ya uwanja. Mnara wenyewe ulisimama mtupu, kama unavyosimama tangu ulipofunguliwa. Kivuli chake kilikuwa bado na jukwaa la mbao pande zote, na juu ya mbao walikuwapo mafundi, wanajenga.

"Huyu wa juu, karibu na pembe, anayepaka kwa mkono wa kushoto," Bibi alisema. "Huyu ni babu yako."

"Laiti ningejua ningemsalimia," binti alisema.

Babu mtu alikuwa fundi mwashi. Alikwenda kuujenga Mnara wakati Bosi bado hajaanza shule. Pale kazini palikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya. Nyapara alikigonga asubuhi watu wapande, akakigonga tena watu washuke, na fundi anayejiheshimu hakuteremka kabla hajakisikia. Jumamosi reli iligongwa mchana. Baba yake Bosi alinawa mikono, akapanda treni ya jioni, na alfajiri ya Jumapili akawa anatokeza kichwa dirishani huku treni ikiingia stesheni, amevaa kofia yake ya karatasi ya mfuko wa saruji. Mke na mtoto walikuwa wanamngoja. Mtoto alimshika mikono, akaigeuza, akakagua kucha zote, na baba mzima alisimama wima mbele za watu akisema, "Nimenawa, Bosi, nimenawa." Jina likaganda hapo hapo. Nyumbani maji ya kuoga yalikuwa yanamsubiri, ndoo nzima, yanatoa mvuke. Akishaoga, alimkunjia binti yake kofia ya karatasi kama ya kwake na kumwahidi kwamba Mnara ukiisha watapanda treni wote watatu, wakauone.

Jumapili moja hakuja. Ofisi ya ujenzi ilituma habari kwamba ametoroka kazi, yeye na wenzake wote waliokuwa juu ya jukwaa, wakati ufunguzi uko mlangoni. Majirani hawakukawia kuunganisha mambo: mwanamume akitoroka kazini na kwake asifike, ujue ana kwake kwingine. Wakaja kumpa pole Bibi huku wakichungulia ndani. Bibi aliwapa chai na jibu lile lile ambalo hakulibadilisha hata neno mpaka nywele zikawa nyeupe.

"Hajatoroka. Hawajagonga reli."

Na kila Jumapili alfajiri alichemsha maji, akayapeleka bafuni pamoja na taulo. Yakipoa, akayafulia.

"Nenda ukamwambie ashuke," alimwambia Bosi sasa. "Mimi miguu haitaki tena safari. Umwambie maji yapo."

Bosi alipanda treni ya Ijumaa jioni. Ilikuwa treni ile ile, imepakwa rangi mpya juu ya ya zamani, lakini kwa ndani hakuijua hata kidogo. Utoto wake wote aliitazama kutoka nje, na baadaye alikataa kuipanda kwa sababu ilikuwa ya kupandwa na watu watatu. Sasa alikaa dirishani na kushika mahali ambapo rangi ilikuwa imechakaa kwa viwiko vya watu. Hamu ya kumwona baba yake ilimshika kwa namna ambayo hakuitarajia katika umri wake, na akatafuta kitambaa kwenye mifuko yote ya ule mkoba bila kukipata.

Mkabala naye alikaa muuza mapazia mwenye robota lake. Treni ilipokaribia stesheni, mguu wa kulia wa Bosi ulikanyaga sakafu kwa nguvu. Ilipokaribia nyingine, ukakanyaga tena.

"Mwenzangu, unakanyaga nini?" muuza mapazia aliuliza.

"Breki. Mimi ni mwalimu wa udereva. Gari langu lina breki ya pili upande wangu."

"Hapa huna."

"Najua. Mguu ndio haujui."

Muuza mapazia alicheka, akammegea mkate. "Unakwenda kutalii Mnarani?"

"Namfuata baba yangu."

"Yuko kivulini?"

"Ndiyo."

"Shemeji yangu pia yuko hapo. Anachanganya zege kule nyuma." Alikung'uta makombo mapajani. "Ila wa nyuma hawapigwi picha sana."

Baadaye wote wawili walilala, na kulipokucha Mnara ulikuwa tayari unaonekana, mweupe, mwembamba, mbali juu ya mapaa ya mabati. Bosi aliutazama akaona ni mdogo kuliko ule wa kwenye daftari.

Uwanja wake ulikuwa umejaa watu wenye mikoba kama wake. Mtembeza wageni, kijana mwenye mwavuli mwekundu, alikusanya kundi na kulisimamisha ukingoni mwa kivuli.

"Mnara huu ulikamilika kwa wakati, bila kasoro," alisema. "Mafundi wake, kwa bahati mbaya, walitoroka kazi kabla ya ufunguzi, ndiyo maana majina yao hayamo kwenye jiwe la kumbukumbu. Hapa chini mnawaona mafundi wenyewe. Mnaweza kupiga picha, ila msikanyage ngazi."

Watu walipiga picha. Bosi alivua mkoba, akazunguka ukingo wa kivuli taratibu akiinama, kama mtu aliyedondosha hereni. Alimpata karibu na pembe. Kofia ilikuwa na ncha mbili, mwiko ulikuwa mkono wa kushoto, na kila alipoweka jiwe alirudi nyuma kidogo na kuinamisha kichwa kulikagua. Alikuwa kijana. Bosi alikuwa na umri wa kuweza kumzaa.

"Shikamoo, Baba," alisema.

Kivuli kiliendelea kupaka. Kazini ni kazini, na hata enzi zile mtoto hakuruhusiwa kupiga soga na fundi aliye juu.

"Jamani, saa ya chai inakaribia," mtembeza wageni alitangaza. "Naomba wote msogee upande huu. Jukwaa litaanguka."

Kundi likasogea. Bosi alibaki alipokuwa. Aliona kivuli cha kamba iliyofunga nguzo ya pembe kikinyooka, kikawa chembamba, kikakatika. Nguzo iliinama kwa utaratibu, kama mtu anayesinzia, na mbao zote zikaifuata. Hakukuwa na kelele yoyote. Mguu wa Bosi ulikanyaga mawe ya uwanja kwa nguvu zake zote, ukashikilia hapo, na jukwaa likaanguka, na baba yake pamoja nalo, mwiko bado mkononi.

"Ni kila siku?" mgeni mmoja aliuliza.

"Kila siku kukiwa na jua," alijibu mtembeza wageni. "Kamba ilikuwa mbovu. Sasa tuelekee kwenye bustani."

Chai ya mafundi haikunywewa. Waliamka, wakajikung'uta, wakasimamisha nguzo, wakaifunga kwa kamba ile ile, wakapanda. Hapo ndipo Bosi alipoelewa Jumapili ile ya utotoni mwake. Siku moja kabla, Jumamosi, walianguka saa ya chai, reli haijagongwa, na ofisi iliyokuwa na haraka ya ufunguzi iliona ni rahisi zaidi kusema wametoroka. Alikuwa na hasira na hakujua aielekeze wapi, basi akaenda kwa meneja.

Meneja wa Mnara alimkaribisha vizuri na kumvutia kiti.

"Nimekuja kumwombea baba yangu ruhusa," Bosi alisema. "Yule wa mkono wa kushoto."

"Namfahamu. Fundi mzuri sana." Meneja alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Ila, mama yangu, mafundi wale walitoroka. Kibao kipo pale mlangoni, kinasema hivyo."

"Si hao hapo nje?"

"Ninawaona kila siku kupitia dirisha hili. Sijaona watu wachapakazi kama wale. Lakini kiofisi hawapo, na mtu ambaye hayupo, nitampaje ruhusa ya kuondoka?"

"Basi badilisheni kibao."

"Kibao hakiko chini yangu," alisema meneja. Akammiminia chai, na kwa kuwa Bosi alikwisha kumwambia kwamba anafundisha udereva, akamuuliza kama gari la gia ni gumu kujifunza ukubwani. Bosi alimjibu kwamba ugumu uko kwenye klachi, lakini huzoeleka. Alimaliza chai yake, akashukuru, akatoka.

Reli ilikuwa ukumbini, karibu na mlango, imening'inizwa kwa waya mpya nyuma ya kamba ya hariri. Mbele yake paliandikwa: KENGELE YA MAFUNDI. USIGUSE. Jua lilikuwa limefika utosini. Bosi aliivuka kamba, mguu mmoja kwanza halafu wa pili, akachomoa ubavuni mwa mkoba chupa ya chuma ya binti yake, akagonga.

Hakuwahi kuisikia reli ile maishani mwake, ila masikio yake yaliijua. Aligonga mpaka chupa ikabonyea.

Nje, chini ya Mnara, kivuli kilikuwa kimefupika na mafundi wamebanana. Walisimama wote. Waliangaliana. Kisha, mmoja mmoja, walikwangua miiko yao, wakaweka makarai kifudifudi, wakaanza kushuka, wa chini kwanza. Wa mkono wa kushoto alimalizia mstari wake kwanza, akaukagua, ndipo akashuka. Kulikuwa na kivuli cha pipa la maji. Kila mmoja alinawa hapo. Wengine walikwenda upande wa mabasi, wengine walikaa kidogo ukutani kama watu wanaovuta sigara. Yule wa mkono wa kushoto aliuvuka uwanja, akaingia mlangoni, akaja mpaka kwenye viatu vya Bosi. Akanyoosha mikono yote miwili mbele, akaigeuza.

Bosi aliinama. Alikagua kidole kwa kidole, na alichukua muda wake.

"Umenawa, Baba," alisema. "Mama anasema maji yapo."

Mlinzi alifika akihema. "Mama, imeandikwa usiguse."

"Nimeona."

"Haya," mlinzi alisema. Akainua kamba ya hariri, akamsaidia kuvaa mkoba.

Alipotoka langoni alimsikia mtembeza wageni akiliambia kundi lililonuna kwamba leo Jumamosi, mafundi wametoka, na pesa hairudishwi.

Treni ya jioni ilikuwa na nafasi. Kivuli kilikaa dirishani mkabala na Bosi, kwenye ukuta wa mbao chini ya taa, na treni ilipopinda kilipinda nayo. Mkagua tiketi alikiangalia akaangalia tiketi ya Bosi.

"Hiki hakilipi," alisema. "Ila mtu akija kisimkalie."

Hakuna aliyekuja. Bosi alimsimulia baba yake habari za nyumbani: kwamba alisoma, kwamba aliolewa na mume akafariki, kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza kufundisha malori katika shule yao ya udereva na wanaume walikuwa wakipanda gari wakiwa wamefumba macho. Kwenye hilo la macho, mabega ya kivuli yalitikisika. Alikuwa amesahau kwamba baba yake alicheka bila sauti hata alipokuwa hai.

Alfajiri, treni ilipoingia stesheni yao, kivuli kilisimama na kutokeza kichwa dirishani. Bosi aliiacha miguu itulie. Kwa mara ya kwanza haikutafuta breki.

Bibi alikuwa ameshachemsha maji. Alimsikia Bosi mlangoni, akatoka jikoni akijifuta mikono, na kukitazama kivuli kilichokuwa kimesimama ukutani karibu na saa, kimevua kofia.

"Umechelewa," alisema.

Kivuli kiliinamisha kichwa.

"Kaoge kwanza, maji yasipoe. Tutaongea."

Alioga kwa muda mrefu. Maji yaliyotoka bafuni yalikuwa ya kijivu, yenye mchanga, na taulo lilikuwa limelowa. Binti alikuja kumsalimia babu yake kwa heshima zote, na alipoiona chupa yake imebonyea aliigeuza mkononi, akaiweka kabatini. Kisha waliwaacha wazee wenyewe sebuleni. Kutwa nzima Bosi alisikia sauti ya mama yake kupitia ukuta, mara inagomba, mara inacheka kama ya msichana, mara inashuka mpaka haisikiki.

"Wewe hujazeeka hata kidogo," alimsikia akisema wakati mmoja. "Mwanga wa dirisha hili ni mbaya, usinitazame sana. Sogea huku."

Ilipofika saa ya chai, Bosi aliacha alichokuwa akikifanya na kuchungulia kwenye tundu la kitasa. Kivuli kilikuwa kimeketi kwenye kiti, kimenyoosha miguu. Bibi alikuwa amekiwekea kikombe, na kivuli cha kikombe kiko katika mkono wa kushoto wa baba. Alikunywa chai yake yote. Bosi aliegemea mlango akalia kwa furaha, kimya kimya, asije akawaharibia.

Jua lilipoanza kushuka, Bibi alitoka na shati mkononi. Lilikuwa shati la zamani, lenye mistari iliyofifia, na alilipiga pasi mpaka kola ikasimama. Akafunga mkate kwenye karatasi.

"Treni yake inaondoka jioni," alisema.

"Mama, abaki."

"Abaki afanye nini?"

"Abaki tu. Ni kwake."

"Kesho Jumatatu. Wakipanda wenzake, yeye akaonekana hayupo, watasemaje?" Bibi alikunja mkono wa shati kwa makini. "Watasema ametoroka. Safari hii itakuwa kweli. Nimembishia kila mtu hapa mtaani, wote wamekufa nikiwabishia, leo nije niwape haki mimi mwenyewe?"

Bosi alifungua mdomo. Alitaka kumwambia habari za kamba ya pembe, inayokatika kila siku. Alimwona mama yake, uso umenawiri, kanga mpya kichwani, akilishika shati lile kwenye mwanga kuangalia kama limebaki na kunyanzi. Miaka yote ile alikuwa amesema kweli peke yake, na leo ilikuwa siku yake. Bosi alifunga mdomo. Hakuwahi kujichukia kama alivyojichukia dakika ile, na hata hivyo hakusema.

Walimsindikiza mpaka mlangoni. Bibi alikipitishia kivuli mkono begani, ukutani, kama anayefuta vumbi.

"Usichelewe kazini," alimwambia.

Bosi alimpeleka stesheni kwa gari. Kabla ya kupanda, kivuli kilinyoosha tena mikono, naye akaikagua, na ilikuwa safi. Treni ilipoondoka, alikaa garini mpaka uwanja wa stesheni ukabaki na yeye na wafagiaji.

Huko Mnarani, reli iliwekewa kabati la kioo na kufuli, na meneja alituma salamu kwamba mafundi wote waliripoti Jumatatu asubuhi, hakuna aliyekosa. Kibao hakikubadilishwa. Bibi aliendelea kuchemsha maji kila Jumapili, na yasipoogwa na mtu hakuhuzunika sana. Alisema siku hizi wana kazi nyingi.

Jumatatu ile ile Bosi alikuwa barabarani na mwanafunzi wake, karani wa posta mwenye viganja vya jasho, aliyekuwa akijifunza gia kwa mwezi wa pili na ambaye, kwa mara ya kwanza, alikuwa anakwenda vizuri. Barabara ilikuwa nyeupe, jua linawaka. Saa ya chai ilipofika, mguu wa kulia wa Bosi ulikanyaga breki ya upande wake mpaka mwisho, ukashikilia. Gari liliruka, likazima katikati ya barabara tupu.

"Kuna nini, Mwalimu?" karani aliuliza, akitazama mbele, nyuma, mbele tena. "Nimekosea wapi?"

Bosi alisubiri. Alisubiri muda wa kutosha wa watu kuamka, kujikung'uta na kuisimamisha nguzo.

"Hujakosea," alisema, akainua mguu. "Washa, twende."